Mishipa ya miguu ya wazee: ugonjwa wa Wazungu, au wetu hawakuhesabiwa?

Najua wengine mnakimbizana na majaribio, wengine mnahesabu siku mpaka bumu litoke. Mimi nimekaa maktaba siku tatu nikifuatilia kitu ambacho hakimo kwenye kozi yangu hata moja. Chanzo ni semina ya historia, mada magonjwa wakati wa ukoloni. Mwenzetu mmoja akasema, tena kwa kujiamini, kwamba mishipa ya miguu kuvimba, ile inayojisokota chini ya ngozi kama kamba, ni ugonjwa wa Wazungu na Mwafrika haumwi. Nusu ya darasa ikatikisa kichwa kukubali. Sasa mimi natoka Daa, wilaya ya Karatu, na kule wazee wenye miguu ya namna hiyo nawafahamu kwa majina. Nikataka kujua hiyo kauli imetoka wapi.

Jibu fupi: imetoka karibu kuliko nilivyodhani. Imepita Kampala. Lakini ili tuielewe inabidi turudi nyuma sana, kwa hiyo mwenye chai achukue chai.

KWANZA, NI KITU GANI

Moyo unasukuma damu kwenda miguuni kupitia ateri. Hiyo ni kazi rahisi, inateremka. Shughuli iko kwenye kurudi, maana damu inarudi kupitia vena na inapanda mlima. Mtu akisimama wima bila kutembea, mgandamizo wa damu kwenye vena za kifundo cha mguu unafika takriban milimita 90 za zebaki. Akianza kutembea, misuli ya shavu la mguu inazibana zile vena kama mtu anavyokamua ng'ombe, damu inapanda, na mgandamizo unashuka hadi chini ya 30. Ndani ya vena kuna vali, yaani vimilango vidogo vinavyofungukia juu tu. Damu ikipita, vinajifunga nyuma yake isirudi.

Vali zikilegea, damu inarudi chini na kujaa. Vena inatanuka, inarefuka, inajisokota. Hiyo ndiyo madaktari wanaiita vena varikosi. Watu wengi wanaishi nayo bila matata, miguu inawauma kidogo jioni basi. Lakini kwa baadhi, miaka ikienda, ngozi ya karibu na kifundo inawasha, inageuka rangi, inakuwa ngumu kama ngozi ya ngoma, halafu siku moja inachanika. Kidonda kinafunguka, mara nyingi upande wa ndani wa mguu juu kidogo ya kifundo, na kinaweza kukaa miaka. Huku kwetu kidonda cha hivyo kinatupwa kwenye kapu moja na vingine vyote visivyopona: donda ndugu.

Nani anaupata? Kurithi kumo, uzazi wa mara nyingi kumo, kazi za kusimama kutwa zimo, unene umo. Lakini linalojitokeza kila wanapopima watu wengi ni umri. Kadiri miaka inavyosogea ndivyo wenye ugonjwa wanavyoongezeka. Shikeni hilo la umri, tutalihitaji mbele.

KISU NI CHA ZAMANI SANA

Maandishi ya kale yanayodhaniwa kuuzungumzia ugonjwa huu ni ya Misri, yaani hapa hapa barani kwetu. Kuna karatasi ya mafunjo inayoitwa Mafunjo ya Ebers, ya mnamo 1550 KK, yenye urefu wa kama mita 20, ambayo Mjerumani Georg Ebers aliinunua Luxor mnamo 1873. Ndani yake mganga anaonywa kuhusu uvimbe wa mishipa unaojipinda kama nyoka: usiukate. Bila shaka waliokata kabla yake waliona damu ilivyotoka.

Warumi walikata. Aulus Celsus, aliyeandika karne ya 1 BK, anaeleza njia mbili: kuichoma vena kwa chuma cha moto au kuikata na kuitoa. Na hapo ndipo kuna kisa cha jemadari Gaius Marius, aliyezaliwa 157 KK, ambacho Plutarch amekisimulia. Marius alikuwa na mishipa iliyovimba miguu yote miwili. Siku ya kupasuliwa alikataa kufungwa kamba, akanyoosha mguu mmoja, akakaa kimya bila kuguna mpaka mganga akamaliza. Mganga alipogeukia mguu wa pili, Marius akamwambia basi, inatosha, ameona kwamba nafuu yenyewe hailingani na maumivu. Ninampenda sana huyu mzee kwa hilo. Yeye ndiye mgonjwa, ndiye aliyepima faida na hasara, na ndiye aliyeamua.

Kutoka hapo kamba inapita kwa Paulo wa Aegina karne ya 7, aliyeeleza namna ya kuifunga vena kwa uzi kabla ya kuikata, halafu kwa Waislamu wa Andalusia. Al-Zahrawi wa Cordoba, aliyefariki 1013, aliandika kitabu kikubwa cha utabibu, Al-Tasrif, na katika sehemu ya upasuaji amefundisha kuitoa vena ya mguu kwa kuchanja sehemu kadhaa. Karne ya 12 Gerard wa Cremona aliitafsiri sehemu hiyo kwa Kilatini, na Ulaya ikaisoma kwa muda mrefu sana. Wale mnaofundishwa kwamba utabibu ulitoka Ugiriki ukaruka moja kwa moja mpaka London, hapo katikati pana watu.

Pamoja na ustadi wote huo, hakuna aliyejua KWA NINI vena inavimba. Fabricius wa Padua aliandika kitabu kuhusu vali za vena mwaka 1603, lakini hakuielewa kazi yake sawasawa. Mwanafunzi wake, Mwingereza William Harvey, ndiye aliyeonyesha mwaka 1628 kwamba damu inazunguka na kwamba vali zinaizuia isirudi nyuma. Tangu hapo ikawezekana kuuliza swali la maana: je, vali zikiharibika?

Hata hivyo hakuna daktari mwenye akili angemlaza bibi wa miaka 70 akamkata mguu akiwa macho. Ilibidi kwanza ipatikane nusu kaputi, iliyoonyeshwa hadharani kule Boston mwaka 1846, na kuua vijidudu wakati wa upasuaji, ambako Joseph Lister alikutangaza mwaka 1867. Baada ya hayo mawili ndipo anaingia Mjerumani Friedrich Trendelenburg.

Trendelenburg mwaka 1890 alieleza kipimo ambacho kinahitaji kipande cha mpira tu. Mgonjwa analala chali, mguu unainuliwa mpaka vena zinakuwa tupu, unafungwa mpira pajani, halafu anasimama. Mpira ukiachiwa na vena zikajaa ghafla kutoka juu, basi lango la juu limeharibika, damu inamwagika kutoka kwenye nyonga. (Msijaribiane hosteli jamani, mwachieni anayejua.) Dawa yake ilikuwa kuifunga vena kubwa ya paja ili mmwagiko ukome. Baadaye John Homans, mwaka 1916, akasisitiza ifungwe juu kabisa, pale inapoungana na vena ya ndani.

Kati ya 1905 na 1907 Wamarekani watatu, Keller, Mayo na Babcock, kila mmoja kwa wakati wake, walileta njia ya kuing'oa vena yote. Ile ya Babcock ilikuwa kupitisha waya mrefu ndani ya vena, kuufunga kichwani, na kuuvuta nao vena ikatoka nzima. Njia hiyo, na kaka zake, ndiyo ilitawala karne nzima ya 20. Inafanya kazi. Lakini ni nusu kaputi au ganzi ya mgongo, ni kulazwa, ni michubuko ya paja zima. Kwa hiyo kukawa na desturi isiyoandikwa popote: kijana apasuliwe, mzee afungwe bandeji aende nyumbani.

BURKITT, MULAGO NA BARUA ZA POSTA

Sasa tuje Kampala. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji kutoka Ireland, alizaliwa 1911, mwenye jicho moja tu kwa sababu la pili alilipoteza akiwa mtoto wa miaka 11. Alikuja Uganda mwaka 1946, akaanzia Lira, halafu Mulago. Wengi mnalijua jina lake kwa ile saratani ya taya za watoto. Ili kujua saratani hiyo inaanzia wapi na kuishia wapi, mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu kutoka Kampala wakaenda mpaka Afrika Kusini na kurudi: kilomita kama 16,000, wiki 10, hospitali 57. Kila hospitali swali moja: mmeuona ugonjwa huu? Kazi hiyo ilizaa matunda makubwa, hakuna anayebisha.

Akaipenda njia hiyo. Aliporudi Uingereza miaka ya 1960 aliendelea kuziandikia hospitali za misheni Afrika na Asia akiwauliza wanaona nini kila mwezi. Orodha ya maswali ikapanuka: kidole tumbo, saratani ya utumbo, bawasiri, na mishipa ya miguu. Majibu mengi yakasema hayo yote wanayaona mara chache mno. Burkitt akalinganisha na Uingereza, ambako mishipa ya miguu ilikuwa ikijaza orodha za upasuaji, na mwaka 1972 akachapisha makala katika jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ. Hoja yake: Mwafrika anakula ugali, maharage na mboga, chakula chenye nyuzinyuzi nyingi, choo kinakuwa laini. Mzungu anakula mkate mweupe, choo kigumu, anajikamua. Kujikamua kunapandisha mgandamizo tumboni, mgandamizo unashuka kwenye vena za miguu, vali zinaharibika.

Hakuwa peke yake. Daktari wa jeshi la maji la Uingereza, Cleave, alikuwa ameshaandika kitabu kizima kuhusu mishipa hiyo na chakula mwaka 1960. Mwaka huo huo Hugh Trowell, aliyefanya kazi Kenya na Uganda tangu 1929, alitoa kitabu chake kuhusu magonjwa yasiyoambukiza Afrika. Mwaka 1975 Burkitt na Trowell wakatoa kitabu pamoja.

Nataka nimtendee haki Burkitt. Hakusema damu ya Mwafrika ni tofauti. Alisema kinyume chake: Wamarekani weusi wanaupata kama Wamarekani weupe, kwa hiyo sababu ni maisha, siyo rangi. Na ushauri wake wa kula nyuzinyuzi una faida zake, mimi mwenyewe naula. Tatizo ni kilichotokea baadaye. "Unaonekana mara chache hospitalini" ikawa "hawana". "Hawana" ikaingia kwenye vichwa vya walimu, ikaingia kwetu, mpaka ikatua semina yetu miaka zaidi ya 50 baadaye.

NANI HAYUMO KWENYE REJESTA

Hapa ndipo mwanafunzi wa historia anatakiwa ainue mkono. Tumefundishwa mwaka wa kwanza: kabla ya kuamini chanzo, uliza nani kakiandika, na nani hayumo ndani yake. Chanzo cha Burkitt kilikuwa rejesta ya hospitali.

Chukua mama wa uplandani Mbulu miaka ya 1960. Hospitali kubwa ya jirani ni Haydom, iliyofunguliwa na Walutheri wa Norway mwaka 1955. Anatembea na jembe, ana watoto saba, mishipa yake imevimba lakini haijamzuia kulima. Je, ataacha shamba atembee siku nzima kwenda kumwonyesha daktari mshipa? Hawezi. Atakwenda akipatwa na uzazi mgumu, nimonia, malaria ya mtoto. Na akienda kwa nimonia, daktari mmoja mwenye wagonjwa mia atamfunua miguu? Rejesta itaandika nimonia. Uingereza hali ilikuwa nyingine: kuanzia 1948 matibabu yalikuwa bure, hospitali ipo mtaa wa pili, na mtu alikwenda hata kwa sababu mguu haupendezi ufukweni. Ukilinganisha rejesta hizo mbili unapima ugonjwa kweli, lakini unapima pia umbali, fedha na nafasi.

Jambo la pili ni umri, lile nililowaambia mlishike. Sensa ya Tanzania ya 1967 ilikuta watu milioni 12 na ushee, na karibu nusu yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 15. Nchi ya watoto. Ukiutafuta ugonjwa wa wazee katika nchi ya watoto, utauona mchache hata kama kila mzee anao.

Na kuna waliokuja kuangalia miguu yenyewe badala ya rejesta. Mwaka 1977 jarida la Lancet lilichapisha uchunguzi wa Richardson na Dixon, waliowapima wagonjwa wa nje hapa Tanzania, zaidi ya 1,200. Waliokuwa na mishipa iliyovimba walikuwa karibu 5 au 6 katika kila 100. Siyo wengi. Ukiweka pembeni utafiti wa Edinburgh wa 1999, uliokuta kama 40 katika kila wanaume 100 na 32 katika kila wanawake 100 wa miaka 18 hadi 64, tofauti bado ni kubwa, hata kama namna ya kupima haikuwa moja. Kwa hiyo tusimtupe Burkitt wote, inaelekea kweli ugonjwa ulikuwa mchache zaidi huku. Lakini 5 katika 100 siyo sifuri. Sensa ya 2012 ilikuta wazee wa miaka 60 na zaidi karibu milioni 2.5, na ile ya 2022, iliyohesabu watu milioni 61.7, ikawakuta kama milioni 3.5. Fanyeni hesabu hata kwa asilimia 5 ile ile, na hapo hatujasema kwamba kwa wazee inapanda. Ni watu wengi.

MZEE NA KISU, SIKU HIZI

Wakati sisi tukiambiwa hatuna ugonjwa, wenzetu walikuwa wakibadilisha swali lenyewe. Zamani iliulizwa: mzee anastahimili upasuaji? Sasa inaulizwa: mzee anastahimili kidonda?

Mwaka 2004 yalitoka matokeo ya utafiti wa Uingereza ulioitwa ESCHAR. Wagonjwa 500 wenye vidonda vya vena, wengi wao wazee, waligawanywa mafungu mawili. Wote walifungwa bandeji za kubana, ambazo ndizo msingi wa tiba. Fungu moja likaongezewa upasuaji wa vena za juu. Baada ya wiki 24 vidonda vilikuwa vimepona sawa pande zote, kama 65 katika 100. Ukiishia hapo utasema kisu hakina kazi. Lakini walisubiri. Baada ya mwaka mmoja, vidonda vilikuwa vimerudi kwa 28 katika 100 ya waliofungwa bandeji tu, na 12 tu katika 100 ya waliopasuliwa. Baada ya miaka minne: 56 dhidi ya 31. Yaani bandeji inafunga kidonda, upasuaji unakizuia kisirudi. Na wengine kati ya wazee hao walipasuliwa kwa ganzi ya sehemu tu.

Halafu waya wa Babcock ukapata mrithi. Kuanzia 1999 zikaja njia za kuichoma vena kwa ndani kwa joto, ama kwa mawimbi ya redio ama kwa leza. Daktari anaongozwa na altrasaundi, anaingiza mrija mwembamba kama sindano, anazungushia vena maji ya ganzi, anaichoma ijifunge. Mgonjwa yuko macho, na siku hiyo hiyo anatembea kurudi nyumbani. Mwaka 2000 Mwitaliano Lorenzo Tessari akaeleza namna ya kutengeneza povu la dawa ya kuziba vena kwa kutumia bomba mbili za sindano na kiungio kidogo cha plastiki. Bomba mbili! Mwaka 2018 utafiti mwingine, EVRA, wa wagonjwa 450, ulionyesha kwamba ukiziba vena mapema badala ya kusubiri, nusu ya vidonda vinakuwa vimepona ndani ya siku 56 badala ya 82. Na mwongozo wa Uingereza wa 2013 unataka mtu mzima mwenye kidonda cha namna hii apelekwe kwa wataalamu wa mishipa. Haukuweka umri wa mwisho.

Siyo kwamba hakuna hatari. Mzee ana moyo wake, ana kisukari, ana presha. Damu inaweza kuganda kwenye vena ya ndani. Na kuna jambo moja ambalo nilitamani liandikwe kwenye mlango wa kila zahanati: kabla ya kumfunga mzee bandeji ya kubana, mpapase mapigo ya mguuni. Kama ateri nayo imeziba, bandeji ya kubana inaweza kumkatisha mguu. Tena siyo kila donda ndugu ni la vena. Kuna la kisukari, kuna la ateri, kuna hata saratani ya ngozi. Ndiyo maana kupima kwanza.

SASA DAA

Nilisema nawafahamu kwa majina, na mmoja ni bibi yangu. Ana miaka 74. Ujana wake alichuma kahawa kwenye mashamba ya Oldeani, kusimama kutwa, akazaa watoto wanane, akalima mahindi na maharage mpaka juzi. Hakuna mtu duniani aliyekula nyuzinyuzi kumzidi, na mishipa yake imevimba tangu mimi sijazaliwa. Kidonda cha mguu wa kushoto kina mwaka wa sita. Kimefunga mara mbili, kimerudi mara mbili. Sehemu ya kwanza alikopelekwa waliandika vidonge vya maumivu, wakamwambia "bibi, huo ni uzee tu". Aliporudi nyumbani akatuambia kwa Kiiraqw kwamba mguu wa kulia nao una miaka 74, mbona haujatoboka.

Safari hii amepimwa vizuri, na altrasaundi. Mapigo yapo, moyo sawa, vena kubwa ya paja inavuja. Daktari akasema inawezekana kupasuliwa kwa ganzi ya mgongo, lakini kwa rufaa. Rufaa kwa mtu wa Daa maana yake Arusha, au KCMC kule Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971. Ni zaidi ya kilomita 200. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilimtaja mzee kuwa wa miaka 60 na zaidi, na Sera ya Afya ya 2007 ilisema mzee asiye na uwezo atibiwe bure. Vizuri. Lakini sera haikutaja nauli, wala pa kulala Moshi, wala nani atakamua ng'ombe wakati mama yuko wodini na bibi.

Basi ukakaa ukoo. Baba mkubwa akasema mtu wa miaka 74 umkate nini tena, mwacheni apumzike. Baba mdogo akasema kidonda ndicho hakimwachi apumzike. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Bibi akasikiliza wote, kisha akauliza huo mguu ni wa nani. Kimya. Akasema mahindi yavunwe kwanza, ng'ombe wapangiwe mtu, halafu ataenda. Kwa sasa tunasubiri mavuno na tarehe, na kila asubuhi shangazi anamfunga bandeji huku mguu umeinuliwa juu ya gunia.

Baba mkubwa ninajua husoma hapa, binamu humfungulia kwenye simu. Shikamoo baba mkubwa. Sikubishii mbele za watu, ninaandika tu nilichosoma. Umri peke yake siyo sababu ya kumnyima bibi upasuaji. Sababu za kumnyima zingekuwa moyo mbovu, ateri iliyoziba, au yeye mwenyewe kukataa. Hizo mbili za kwanza zimepimwa, hazipo. Hiyo ya tatu ni yake, kama ilivyokuwa ya Marius.

Na kwa wenzangu wa semina: sina ugomvi na aliyesema ni ugonjwa wa Wazungu, amerudia alichofundishwa, na aliyemfundisha alirudia vile vile. Lakini sisi mwakani tunakwenda kushika chaki. Tukiwaambia watoto wa kidato cha pili kwamba ugonjwa fulani siyo wetu, mmoja wao atakuwa muuguzi, na siku mzee atakapopandisha kanga amwonyeshe mguu, atamwambia ni uzee tu.

Likizo hii waombeni bibi na babu zenu wawaonyeshe miguu. Angalieni upande wa ndani, juu ya kifundo. Ngozi ikiwa imegeuka rangi na kuwa ngumu, msisubiri ichanike.

Nawasilisha.